Waache triarii wapige magoti

*Swali: Shikamoo mwalimu. Nacheza Rome: Total War kwenye kompyuta, upande wa Warumi, ukoo wa Brutii. Maadui wenye mapanga na shoka nawamudu. Nikikutana na Wamakedonia wenye mikuki mirefu, jeshi langu linaisha. Nikijitengenezea pambano dhidi ya Wakarthago, farasi wao wananizunguka kila mara. Napanga kama nilivyosoma: hastati mbele, principes katikati, triarii nyuma. Kisha nawachagua wote, nabofya adui, nasubiri. Mara nyingi nina askari wengi kuliko yeye na bado nakimbizwa. Nakosea wapi? Warumi wenyewe walifanyaje? Na je, ninunue triarii wengi zaidi?*

Marahaba, kijana wangu. Kosa lako umelitaja mwenyewe pasipo kujua, tena kwa maneno machache: "nawachagua wote, nabofya adui, nasubiri." Umepanga safu tatu kwa uangalifu wa fundi cherehani, halafu kwa mbofyo mmoja ukazishona zikawa safu moja. Hapo Mrumi amekwisha. Kilichobaki ni umati wa watu wenye ngao nzuri.

Nianze na hesabu. Polybius, Mgiriki aliyekaa Roma miaka mingi na kulitazama jeshi lile kwa karibu, anatueleza kuwa legioni ya kawaida ilikuwa na askari wa miguu wapatao 4,200. Velites walikuwa 1,200, vijana wa mali kidogo, kazi yao kuchokoza kwa mikuki myepesi na kurudi nyuma. Hastati 1,200. Principes 1,200, wanaume waliokomaa. Triarii, wale wakongwe, 600 tu. Wapanda farasi 300. Kila safu ya askari wazito iligawanywa vikosi kumi vinavyoitwa manipuli, vya watu 120, isipokuwa manipuli za triarii zilizokuwa na watu 60. Kati ya manipuli na manipuli paliachwa nafasi, na nyuma ya kila nafasi ilisimama manipuli ya safu inayofuata. Ukilitazama jeshi hilo kutoka juu, kama unavyolitazama kwenye skrini yako, ungeona miraba ya ubao wa drafti.

Sasa fikiria hilo kwa akili ya kamanda. Jeshi linaingia vitani huku zaidi ya nusu ya askari wake wazito hawana adui wa kupigana naye. Kwa mchezaji wa leo huo ni upotevu, na ndiyo maana unabofya wote. Lakini mtu mwenye ngao kubwa ya mbao, kofia ya shaba na upanga hawezi kupigana mfululizo kwa muda mrefu. Mkono unachoka, pumzi inakata. Mapigano ya wakati ule yalikwenda kwa mawimbi: wanapambana, wanaachana hatua chache, wanatazamana na kutukanana, wanarudiana. Katika ile mianya ya kupumua ndipo Mrumi alipopata faida yake, kwa kuwa yeye alikuwa na watu wabichi wa kuingiza na mwenzake hana.

Triarii wakati huo wamepiga goti, mguu wa kushoto mbele, ngao imeegemea begani, mkuki umechomekwa ardhini ncha ikielekea juu. Wanangoja. Vita vingi viliisha hawajainuka, na Warumi walikuwa na msemo kwamba jambo "limefika kwa triarii", yaani sasa hali ni mbaya kwelikweli. Sisi tunasema akiba haiozi. Na kama umewahi kukaa barazani ukatazama wazee wakicheza bao la Kiswahili, hili unalijua tayari: mchezaji anaanza na kete kumi tu ubaoni, ishirini na mbili ziko mkononi, anaziingiza moja moja wakati wa kunamua. Hakuna anayemwaga zote kwa mkupuo. Wewe katika bao la Kirumi umemwaga zote.

Tuje kwenye gemu. Lazima nikuambie mapema kwamba gemu hii haina amri ya kubadilishana safu. Huwezi kubonyeza kitu hastati wakapenya nyuma kwa utaratibu na principes wakashika nafasi zao. Kikosi kilichoshikana na adui ukikiamuru kirudi, kinageuza mgongo na kukatwakatwa. Kwa hiyo lile la kihistoria unaliiga kwa njia nyingine.

Mimi hufanya hivi. Hastati wangu wanasimama mbele, kila kikosi na nafasi ya upana wa nusu kikosi kando yake. Nawawekea hali ya kulinda nafasi ili wasivutwe kumfuata adui, na kitufe cha kurusha kwa hiari nakiacha kimewashwa. Kisha siwasogezi. Adui aje. Ile mikuki ya kurusha wanayobeba ndiyo silaha yao kuu ya dakika ya kwanza: chuma chake chembamba, kikiingia kwenye ngao kinapinda na hakitoki, na mwenye ngao anabaki na mzigo au anaitupa. Ukiwakimbiza hastati kwenda kumvaa adui, mirusho mingi inapotea katika vurugu, na wanafika wakihema. Ukiwaacha wasimame, adui ndiye anayefika akihema, tena akiwa amepunguzwa.

Wakishashikana, napiga kitufe cha kusitisha na kuangalia. Nafanya hivyo kila baada ya muda mfupi, wala usione aibu. Kamanda wa Kirumi alikuwa na maakida wapatao sitini katika kila legioni (neno hilo wasomaji wa Biblia mnalijua), watu waliojua kazi yao na kufanya maamuzi madogo bila kumuuliza. Wewe una kipanya kimoja. Kusitisha ndiko kunakokupa maakida wako.

Naangalia nini? Hali ya uchovu na ya moyo wa kila kikosi cha mbele. Kikosi kinachoanza kutetereka, sikitoi. Naingiza principes katika ile nafasi kando yake, wampige ubavuni adui anayepambana naye. Hapo mambo mawili yanatokea kwa pamoja: hastati wanapata nafuu, na adui anashambuliwa kutoka pande mbili, jambo linalomvunja moyo haraka kuliko vifo vyenyewe. Katika gemu hii vikosi havifi hadi mtu wa mwisho, vinakimbia. Vita unaishinda kwenye moyo wa adui, na moyo wake uko ubavuni na mgongoni.

Ndiyo sababu ya zile nafasi. Principes ukiwabananisha moja kwa moja nyuma ya hastati, wakati wa kuwaingiza wataanza kusukumana na wenzao kama abiria mlangoni pa daladala.

Uchovu usiupuuze hata kidogo. Mwezi Desemba mwaka 218 KK, kando ya mto Trebia kaskazini mwa Italia, Hannibal, jemadari wa Wakarthago, alituma wapanda farasi wake alfajiri wakaichokoze kambi ya Warumi. Konsuli Sempronius Longus, mmoja wa viongozi wawili wakuu wa Roma mwaka huo, akatoa jeshi lote mbio, askari hawajafungua kinywa, wakavuka mto wenye maji ya baridi kali hadi kifuani. Upande wa pili Wakarthago walikuwa wamekula, wameota moto, wamejipaka mafuta. Mago, mdogo wake Hannibal, alikuwa amejificha kwenye bonde la kijito na watu 2,000, nusu farasi nusu miguu, akatokea nyuma ya Warumi. Hata hivyo Warumi wapatao 10,000 wa katikati walipasua njia wakatoka, wakaenda zao Placentia. Nakitaja kisa hiki kwa sababu wachezaji wengi wanakimbiza jeshi zima kutoka ukingoni mwa ramani kwa vile wamechoka kusubiri. Huo ni mto Trebia wa kujichimbia mwenyewe. Tembeza jeshi. Ukichoka wewe, ongeza kasi ya muda.

Sasa Wamakedonia wako. Hapa nitakaa kidogo, maana ndiko unakoumia.

Mkuki wa falanksi, yaani ule ukuta wa askari wa Kimakedonia waliobanana, ulikuwa na urefu wa mita tano hadi sita na zaidi, unashikwa kwa mikono miwili. Ncha za safu tano za kwanza zote zinatokeza mbele. Polybius alipiga hesabu kwamba kila Mrumi mmoja, kwa kuwa anahitaji nafasi pana ya kuutumia upanga wake, anakabiliwa na ncha kumi. Kumi kwa mmoja. Hakuna ushujaa unaopita hapo kwa mbele, na gemu imelitafsiri hilo vizuri: ukiwatuma principes uso kwa uso na falanksi iliyoteremsha mikuki, unawapeleka machinjioni. Aemilius Paullus, jemadari aliyeishinda Makedonia moja kwa moja, alikiri baadaye kwamba hajapata kuona kitu cha kutisha kama falanksi ile ikija.

Lakini aliishinda. Ilikuwa Pydna, Juni 168 KK, na pambano lilidumu kama saa moja tu. Mwanzoni falanksi iliwasukuma Warumi nyuma, kuelekea kwenye vilima. Kadiri ilivyosonga mbele ndivyo ardhi ilivyozidi kuwa na mabonde na miinuko, na ukuta ule wa mikuki ukaanza kuachia nyufa hapa na pale. Paullus akaagiza vikosi vyake viache kupigana kama mstari mmoja, kila kimoja kiingie katika ufa kilichouona. Mtu aliyeshika mkuki wa mita sita kwa mikono miwili, akiwa na adui mwenye upanga mfupi ubavuni pake, hana la kufanya. Upanga wake mwenyewe ni kisu tu, na ngao yake ndogo imening'inia shingoni.

Kisa kinachonifurahisha zaidi ni cha miaka ishirini na tisa kabla ya hapo, Cynoscephalae huko Thesalia, mwaka 197 KK. Jina hilo maana yake ni vichwa vya mbwa, na kweli ni vilima vilima. Asubuhi kulikuwa na ukungu, majeshi ya Philip wa Tano, mfalme wa Makedonia, na Flamininus, jemadari wa Warumi, yakagongana karibu kwa bahati mbaya. Mrengo wa kulia wa Philip ulijipanga juu ya kilima, ukateremka na kuusukuma mrengo wa kushoto wa Warumi vibaya sana. Flamininus alipoona upande huo hauokoleki kwa haraka, hakupeleka msaada huko. Alikwenda mrengo wake wa kulia, akatanguliza tembo, akawavamia Wamakedonia wa upande ule ambao walikuwa bado wanapanda kilima na hawajajipanga. Wakakimbia. Kisha tribuni mmoja, yaani ofisa wa legioni, ambaye jina lake halikuandikwa, badala ya kuwafukuza wakimbizi kama wenzake, akachukua manipuli zisizozidi ishirini, akageuka kushoto, akaangukia mgongo wa ile falanksi iliyokuwa ikishinda. Falanksi haigeuki. Vita ikaishia hapo. Wamakedonia wapatao 8,000 walikufa, Warumi kama 700. Wapo Wamakedonia walioinua mikuki yao juu wima, ishara ya kusalimu amri kwao, ila askari wa Kirumi hawakuielewa, wakaendelea kuua.

Tribuni yule ndiye unayepaswa kumwiga kwenye kompyuta yako. Tazama alichokuwa nacho: watu ambao hawajashikana na adui, na jicho la kuona mahali pa kuwapeleka. Kama Flamininus angekuwa amebofya wote, yule tribuni asingekuwa na mtu wa kugeuza.

Kwa vitendo, ukikutana na falanksi, weka hastati mbele yake kama chambo, hali ya kulinda nafasi ikiwa imewashwa. Velites waendelee kuitupia mikuki kutoka pembeni, maana askari wa falanksi hawawezi kuwafuata. Hastati watapoteza watu, kubali. Kazi yao ni kuifanya falanksi iangalie upande mmoja. Wakati huo principes wa pembeni wanazunguka kwa mwendo wa kutembea, mbali kidogo ili falanksi isishtuke na kugeuka mapema, na wanaingia kwa kasi hatua za mwisho tu. Falanksi mbili zikiwa zimesimama bega kwa bega, usihangaike na zote: vunja ya ukingoni kwanza, ya pili ubavu wake utakuwa wazi wenyewe. Na kompyuta ina tabia ya kuvunja mstari wake inapokusogelea, kikosi kimoja kinatangulia, kingine kinabaki nyuma. Huo ndio ufa wa Pydna. Ukiuona, usingoje.

Kuhusu Wakarthago na farasi wao, ngoja nikupeleke Cannae, kwa sababu Cannae ndiyo vita unayoirudia kila jioni.

Tarehe 2 Agosti mwaka 216 KK Warumi na washirika wao walileta askari wa miguu wapatao 80,000 na farasi 6,000. Hannibal alikuwa na miguu kama 40,000 na farasi 10,000. Kwa wingi huo, makonsuli waliamua kuzibana manipuli zisimame kwa kina badala ya upana, ile nafasi ya drafti ikafa, jeshi likawa nyundo moja kubwa ya kugonga katikati. Na ilifanya kazi! Katikati ya Hannibal, Wagalia na Wahispania waliopangwa kama mwezi mwandamo uliotokeza mbele, walirudi nyuma hatua kwa hatua. Warumi wakazidi kuingia. Waafrika wazito waliokuwa pande mbili wakageukia ndani. Farasi wa Hasdrubal, kamanda wa Hannibal, wakiwa wameshawafagia wapanda farasi wa Kirumi upande mmoja na kusaidia kuwafukuza wale wa upande mwingine, wakarudi na kufunga mgongo. Watu walibanwa hata mkono wa upanga haukupata nafasi. Waliokufa, kwa hesabu ndogo ya wanahistoria wa kale, ni zaidi ya 45,000, konsuli Aemilius Paullus akiwamo. Huyo ni baba yake yule wa Pydna.

Wengi wanakisimulia kisa hiki kama ujanja wa Hannibal, na ni kweli. Mimi nakiona pia kama siku ambayo Warumi waliacha kuwa Warumi. Walikuwa na watu maradufu na hawakuwa na hata kikosi kimoja cha kumzuia Hasdrubal nyuma. "Mara nyingi nina askari wengi kuliko yeye na bado nakimbizwa," umeandika. Hata Varro, konsuli mwenzake Paullus siku hiyo, angeweza kuandika hivyo.

Jibu la farasi katika gemu ni mikuki, na mikuki yako ni triarii. Usiwaweke nyuma ya katikati ambako hakuna anayekuja. Wagawe, nusu nyuma ya kila pembe, hatua kadhaa ndani, wasionekane kuwa ndio mwisho wa mstari. Farasi wa adui wanapozunguka kutafuta mgongo wa principes, wanawakuta wazee wamesimama na mikuki mbele. Farasi wako wewe, ambao ni wachache na si wazuri, wasitoke kwenda kupigana peke yao. Wabaki karibu na triarii, na wakati farasi wa adui wamenasa kwenye mikuki ndipo wawaangukie. Wakikimbia, usiwafuate hadi mwisho wa ramani. Warudishe.

Huo si ubunifu wangu. Ni wa Caesar, akipigana na Mrumi mwenzake Pompey huko Pharsalus, mwaka 48 KK. Kwa hesabu yake mwenyewe alikuwa na miguu 22,000 na farasi 1,000. Pompey alikuwa na miguu 45,000 na farasi 7,000. Manipuli zilishapitwa na wakati, sasa kulikuwa na kohoti, vikosi vikubwa zaidi, lakini safu zilibaki tatu. Caesar alipoona farasi wote wa Pompey wamekusanywa upande mmoja, alielewa kinachokuja. Akachomoa kohoti sita kutoka safu ya tatu, akazificha pembeni nyuma ya farasi wake wachache, zikawa safu ya nne, akaziambia ushindi wa siku hiyo uko mikononi mwao. Farasi wa Pompey walikuja, wakawasukuma farasi wa Caesar, wakaanza kujitandaza ili wazunguke. Zile kohoti sita zikawatokea, mikuki ya kurusha ikatumika kuchoma usoni badala ya kurushwa. Farasi 7,000 wakatimka. Kohoti hazikusimama hapo, zikaendelea moja kwa moja kwenye ubavu wa miguu ya Pompey.

Na siku hiyohiyo kuna jambo jingine dogo la kupendeza. Pompey aliwaamuru askari wake wasimame tuli, wa Caesar wachoke kwa kukimbia umbali maradufu. Askari wa Caesar walianza mbio, wakaona wenzao hawaji, wakasimama katikati ya uwanja bila kuamriwa na mtu, wakavuta pumzi, wakajipanga upya, ndipo wakaendelea. Askari waliozoea vita miaka yote ile ya Galia walijua. Wako wa kwenye kompyuta hawajui, kwa hiyo ujue wewe. Safu ya tatu ya Caesar, nayo, ilikuwa imesimama bila kufanya kitu hadi wakati huo. Alipoiingiza, ikiwa mbichi kabisa, Pompey alikuwa hana tena cha kuweka mbele yake.

Tembo nitawataja kwa kifupi tu. Zama, mwaka 202 KK, Hannibal alikuwa nao 80. Scipio, jemadari wa Warumi, aliacha drafti siku hiyo, akapanga manipuli moja nyuma ya nyingine ili kati yake zipatikane njia zilizonyooka kutoka mbele hadi nyuma, akazijaza velites kwa muda. Tembo walipokuja, baragumu zilipigwa, wengine walishtuka wakawageukia wenyewe, wengine wakaingia kwenye njia zile na kutokea upande wa pili wakichomwa mikuki kutoka kushoto na kulia. Fanya hivyohivyo. Velites wako ndio silaha ya tembo. Wape nafasi ya kukimbilia. Wale nguruwe wa moto ambao gemu inakuuzia, mimi sijawahi kuwaona wakifanya kazi bila kuchoma na watu wangu.

Kuna swali ambalo hukuuliza, ila nimelihisi: jemadari wako yuko wapi wakati wote huo? Kama umewachagua wote, naye alikuwamo kwenye mbofyo. Farasi wa ulinzi wake ndio wapanda farasi bora ulionao mwanzoni mwa mchezo, kishawishi cha kuwatumia ni kikubwa, na akifa moyo wa jeshi zima unaporomoka. Jemadari wa Kirumi alikaa juu ya farasi nyuma ya mstari, karibu kiasi cha kuonwa na askari wake na kutambua nani amechoka. Caesar aliwahi kunyakua ngao ya askari wa safu ya nyuma na kwenda mbele kwa miguu, akiwaita maakida kwa majina, katika vita na kabila la Wanervii huko Galia mwaka 57 KK. Lakini huko walikuwa wameshavamiwa wakijenga kambi, mambo yameharibika tayari. Mtumie jemadari wako kwa shambulio moja tu, lile la mwisho, mgongoni mwa adui anayeyumba.

Sasa triarii wengi zaidi, ununue? Hapana. Jeshi linabeba vikosi 20. Nikienda dhidi ya Wamakedonia au Wakarthago mimi huchukua hastati sita, principes sita, triarii wanne, velites wawili, farasi kikosi kimoja na jemadari mwenyewe. Ukiwajaza triarii utaanza kuwatuma mapema kwa kuwa wapo wengi, na fedha zako zitaisha kabla hujavuka bahari. Baadaye mageuzi ya Marius yakifika kwenye kampeni yako, hastati, principes na triarii watatoweka orodhani na nafasi yao itachukuliwa na askari wa kohoti, wote wa aina moja. Wachezaji wengi hapo ndipo wanapoacha kupanga safu, kwa vile wote wanafanana. Caesar naye wa kwake walifanana.

Nikupe zoezi la wiki hii. Tengeneza pambano dhidi ya Makedonia, majeshi yakiwa na nguvu sawa. Jiwekee sharti: triarii hawasogei hadi kikosi chako kimoja kiwe kimekimbia, au farasi wa adui wamefika hatua mia kutoka kwenye pembe yako. Kabla ya hapo usiwaguse hata wakilia. Mara ya kwanza utashindwa, kwa sababu vidole vitakuwasha. Mara ya tatu au ya nne utajikuta unamaliza pambano wakati wao bado wako palepale ulipowaweka. Hapo niandikie, unieleze pia hastati wangapi walibaki, ili tuone kama unawalisha falanksi zaidi ya inavyohitaji.